Mfuko wa Mwari

Ukitoka Mahagi mjini, kule juu kwenye uwanda wa baridi, ukateremka ule mteremko unaoziba masikio, unafika Mahagi-Port, ufukweni mwa ziwa lenye majina mengi kuliko mtu anayekimbia madeni. Waalur huliita Onekbonyo, Wanyoro wa ng'ambo huliita Mwitanzige, na yote mawili maana yake ni moja, muuaji wa nzige. Baker Mwingereza alipolifikia mwaka 1864 alilipa jina la Albert, marehemu mume wa malkia wake. Baadaye Mobutu akalipa jina lake mwenyewe, akaondoka, jina likamfuata, ziwa likabaki. Kwenye ufuko huo, penye harufu ya muziri na ragoge walioanikwa juani, ndipo mshona nyavu mmoja aliponisimulia hekaya hii, akaniomba nisimuulize nani ni nani. Nami sikumuuliza.

Palikuwa na ufalme, alisema, na mfalme wake alikuwa Kiboko, mpole kwa wageni na mkali kwa wenyeji, ambaye hakupenda jambo lolote duniani kama kupokea. Mchana alizama majini hadi masikio, jioni akatoka kusikiliza mashauri. Waziri wake wa karibu alikuwa Nyani, fundi wa barua, aliyeweza kushukuru kwa kurasa tatu hata kwa kitu ambacho hakijafika. Ghala la ufalme alikabidhiwa Kobe, kwa sababu moja tu, kwamba asingeweza kukimbia nalo.

Ikawa mwaka mmoja ugomvi ukalipuka vilimani kati ya makundi mawili ya wala nyasi, waliokuwa wakichangia malisho tangu enzi za babu zao; chanzo chake kila mmoja alikijua, na hapakuwa na wawili waliokijua sawasawa. Swala, nungunungu na nguruwe mwitu, pamoja na watoto wao, wakateremka usiku hadi ufukweni; wengine wakakalia magogo kwenda ng'ambo, wengine wakazama, na waliosalia wakajibanza kwenye matete wakinywa maji yaleyale waliyoyachafua. (Mtu wa ziwa hili anayekumbuka Februari 2018, jinsi mitumbwi kutoka Ituri ilivyomwaga maelfu ya watu kwenye mwalo wa Sebagoro, upande wa Hoima, na jinsi kipindupindu kilivyozuka hukohuko, hana haja ya kuelezwa zaidi.) Siku ya nne wanyama wakaanza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na siku ya sita likachimbwa kaburi la kwanza.

Kobe hakuwa tabibu, lakini alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba mgonjwa wa maradhi yale huuawa na ukavu wa mwili wake, na kwamba anayerudishiwa maji yenye chumvi na sukari mapema, kikombe baada ya kikombe, mara nyingi husimama tena. Akaandika juu ya jani la mgomba vitu vitano: chumvi, sukari, sabuni, klorini ya kusafishia maji, na dripu kwa wale wasioweza tena kumeza. Mfalme akaliidhinisha jani. Lakini Nyani alipolisoma aliliona kavu mno, halina adabu za kidola, na kwa kuwa aliamini kwamba uzuri wa barua, kama wa nyani, uko mkiani, akaongeza chini yake: "Na chochote kingine mtakachojaliwa." Maneno manne. Msiba wa pili uliingia kwa mlango huo.

Sasa, mbali kaskazini, ng'ambo ya jangwa na bahari, palikuwa na milki ya mwari, wale ndege weupe wenye mfuko chini ya mdomo. Kila nyumba ya mwari ilikuwa na kabati, na kila kabati lilikuwa na dawa: nusu chupa ya mgonjwa aliyepona, robo pakiti ya bibi aliyefariki, na katika maghala ya wafanyabiashara, makatoni ambayo tarehe yake ilikuwa ikizama kama jua la saa kumi na mbili. Sheria ya huko ilikataza dawa isiyotakiwa kutupwa ovyo. Sharti ipelekwe kwenye tanuru kubwa, na tanuru lina ada, na ada humwangukia mwenye dawa. Ilhali aliyeipeleka dawa ileile kwa wenye shida hakulipa ada ya tanuru, alipunguziwa kodi, na jina lake lilisomwa hadharani. Mshona nyavu alinyamaza hapo, akakata uzi kwa meno, kisha akasema kwamba mwari wengi walilia kwelikweli waliposikia habari za swala, na machozi yao yasidharauliwe. Ila jicho lilipokuwa likilia, mguu ulikuwa ukifungua kabati.

Walifika asubuhi moja, wengi hata jua likazibwa, na Nyani alikuwa amekwisha kupanga ngoma, nyimbo na watoto wa kupunga majani. Kila mfuko ulipimwa kwenye mizani kabla haujafunguliwa, maana kwa mwari zawadi huhesabiwa kwa kilo, na kilo ya kitu kisichofaa haipungui hata chembe mbele ya kilo ya kitu kinachofaa. Mchoraji akamchora mfalme akikumbatia katoni. Yule mwari mkuu akahutubu kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, wote wakapiga makofi mahali palipostahili, na walipoondoka jioni ghala la Kobe lilikuwa limejaa hata mlango ukawa haufungi.

Ndipo kazi ya kufungua ikaanza. Katoni ya kwanza ilikuwa na vidonge vya kuongeza hamu ya kula, na walioletewa walikuwa wamekula mizizi kwa juma zima, na baada ya mizizi wakala maganda yake. Ya pili ilikuwa na vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu. Kobe akatoka nje, akawatazama swala ambao mbavu zao zilihesabika kutoka mbali, akarudi ndani. Ya tatu ilikuwa na maji ya kuoshea vile vigae laini ambavyo baadhi ya mwari huvaa machoni badala ya miwani. Ya nne ilikuwa mchanganyiko: vipakiti vilivyokwisha kuliwa nusu, mirija isiyo na vifuniko, na kidonge kimoja kimefungwa ndani ya karatasi ya peremende. Maandishi yalikuwa ya lugha za huko. Akaitwa Bundi, ambaye sifa yake ni kusoma kila kitu, akazungusha katoni kwa muda mrefu, akatangaza kwa sauti nzito kwamba upande huu ni juu na ule ni chini.

Chumvi na sukari zilikuwamo. Hili lazima lisemwe, maana mshona nyavu alilisema mara mbili. Zilikuwamo kwenye safu ya chini kabisa, nyuma ya ukuta wa vidonge vya hamu ya kula, kwa sababu mwari waliosikiliza lile jani walikuwa wa kwanza kufika, na waliosikiliza yale maneno manne walifuata wakapanga juu yao. Kobe alichambua mchana na usiku, kwa mwendo wa kobe, siku kumi na moja. Siku ya tisa mtoto wa swala aliletwa akalazwa kizingitini, macho yamezama, ngozi yake ukiifinya inabaki imefinyika. Mama yake alikaa akilitazama lile ghala lililojaa hadi paa, na hakuuliza neno. Jua lilipotua alimbeba mwanawe akaondoka naye, na siku mbili baadaye mguu wa Kobe ukagonga gunia la chumvi.

Usiku ule Korongo mzee, yule mwenye upara anayeshinda majalalani, alimkuta Kobe ameketi nje. "Usijilaumu, mzee mwenzangu," alisema, "mimi ndege wa jalala nimeyaona haya hata kwa wanadamu. Nilikuwa Eritrea wakati wanapigania uhuru wao: waliletewa aspirini iliyokwisha muda, malori saba, wakaichoma kwa miezi sita ndipo ikaisha. Waliletewa chupa elfu thelathini za maji ya lishe ya mshipani, nazo zimeharibika, wakakosa pa kuzimwaga karibu na makazi kwa jinsi zilivyonuka. Na mwaka 1990 nilikuwa Sudan ya kusini, nchi imechomwa na vita, ikaja shehena ya dawa zenye maandishi ya Kifaransa, lugha isiyosemwa na mtu kule. Katika makasha 50, yenye chochote cha kufaa yalikuwa 12. Na unajua nini kilikuwamo? Vidonge vya hamu ya kula." Kobe akauliza kama wale wanadamu waliwahi kusema kitu. "Walishukuru," alisema Korongo.

Maradhi hayana subira. Yaliondoka kabla dawa hazijakwisha kuchambuliwa. Mvua zikanyesha, swala wakaanza kupanda tena vilimani kwa wasiwasi, na kwenye ghala tarehe zikawa zinakufa moja baada ya nyingine, hata ikafika siku ambayo karibu kila kilichobaki kilikuwa perime, kama tusemavyo huku Ituri. Kobe akaomba ruhusa ya kuziondoa. Mfalme akaunda kamati. Kamati ilikaa mara saba, kila kikao kwa posho ya mihogo, na kila mara Nyani alisimamisha hoja ileile: mwari wakirudi wakalikuta ghala tupu watasema tumeuza, na wakilikuta limejaa watasema hatukuwa na shida, kwa hiyo busara ni ghala libaki lilivyo, lisiwe tupu wala lisifunguliwe. Panya hawakuwa wajumbe wa kamati. Walilifungua.

Dawa zilipoanza kumwagika barabarani, Nyani aliamuru kwa siri zitupwe ziwani usiku, penye majabali, maana maji, alisema, hayana kumbukumbu. Chupa za dawa za kuulia vijidudu zilipasukia kwenye mawe, na alfajiri ngege wakaonekana wakielea tumbo juu katika ghuba ile. Zile nyingine, dawa kali za kuua bakteria, hazikuua samaki yeyote, na Nyani akashangilia; hakuona kwamba vijidudu vya matopeni vilikuwa vikizionja kidogo kidogo, kama askari kuruta anayezoeshwa mlio wa bunduki, hata siku ya vita yenyewe havitashtuka tena. Wavuvi walilalamika. Nyani akageukia moto.

Wakachimba shimo nyuma ya soko, wakarundika makatoni, wakatia kuni. Moto wa kuni ni moto wa chakula. Dawa huutazama tu. Vichupa vya kioo vililipuka kama bisi, mifuko ya dripu ikayeyuka ikatoa moshi mweusi uliokaa juu ya ufuo siku mbili, watoto wakakohoa, na chini ya majivu vidonge vikabaki vimekaangika vizuri, rangi ya karanga. Usiku wa tatu Fisi alifika na kikapu. Alivisugua kwa mafuta ya mawese vikang'aa, akavipanga kwa rangi juu ya gunia sokoni, naye akiwa na ulimi wa asali kuliko tabibu yeyote: "Nyekundu za mgongo, baba! Nyeupe za homa! Za njano, mama, hizo tuzungumze pembeni!" Na wanyama walinunua. Tuwaseme vipi? Zilikuwa zimetoka ghala la mfalme, na mfalme alichorwa akizikumbatia.

Mfalme mwenyewe alikuwa na mgongo. Kuzama majini kutwa kuna gharama zake, na kwa kuwa aliona haya kumwita tabibu, alimtuma kijakazi wake kwa Fisi, akanunuliwa nyekundu kumi, akazimeza zote kabla ya kulala. Alipoamka kulikuwa giza. Akangoja kukuche, ndege wakaimba, wavuvi wakapita wakisalimiana, joto la jua likampiga usoni, na kwake bado giza. Alikuwa kipofu. Ikulu ikatangaza kwamba mfalme anatafakari.

Siku hizo Mbayuwayu walikuwa wamerejea kutoka kaskazini, na mmoja wao, aliyepita nchi nyingi, alikuja kumjulia hali. "Mtukufu, usikate tamaa," alisema, "huenda giza hili litapita. Kule Lithuania mwaka 1993 wanawake kumi na mmoja walipewa dawa iliyotoka kwenye msaada, isiyo na maelezo, madaktari wakabahatisha kazi yake kwa kulinganisha majina. Kumbe ilikuwa dawa ya minyoo ya mifugo. Walipofuka kwa muda." Kiboko akanguruma kwamba ni ajabu, wanadamu kupewa dawa ya wanyama na wanyama kupewa dawa ya wanadamu. "Si ajabu sana, Mtukufu," alisema Mbayuwayu, "ukishaliona kabati. Nimepita Bosnia pia. Wanaohesabu wanakadiria kwamba katika vita vile, toka 1992 hadi katikati ya 1996, tani 17,000 za dawa zisizofaa ziliingia." Akaongeza kwamba mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kizima cha namna ya kuziondoa salama dawa zisizotakiwa wakati wa dharura na baada yake, na kwamba kitabu hakiandikwi kwa ajili ya jambo linalotokea mara moja.

Kiboko, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na cha kutazama, alisikiliza. Akamwita Kobe. Naye Kobe, aliyekwisha kusomewa kitabu kile na Mbayuwayu mstari kwa mstari, akaeleza. Kwanza uchambuzi: kilicho kizima na kinachojulikana kiende zahanati, na kilicho perime kisionjwe hata kama kinanukia. Maji ya chumvi na sukari ya dripu yanaweza kuzimuliwa yakamwagwa taratibu. Dawa za kuua bakteria, na zile za kuoshea sakafu, zisikaribie ziwa kamwe. Kuchoma kunataka tanuru la vyumba viwili lenye joto la nyuzi 850 kwenda juu, nasi hatuna. Basi vidonge vitolewe kwenye pakiti na makatoni yachanwe, Fisi asipate hata jina la kusomea wateja. Vitiwe kwenye mapipa ya chuma hadi robo tatu, kisha ujazo uliobaki umiminiwe uji wa chokaa, saruji na maji, mizani kumi na tano kwa kumi na tano kwa tano, kifuniko kifungwe, pipa likauke, lizikwe mbali na visima. "Halitakuwa dawa tena," alisema, "litakuwa jiwe. Fisi halambi jiwe."

"Saruji iko wapi?" aliuliza mfalme.

Kimya kikatanda. Saruji ilikuwapo. Kila mtu alijua ilipo, ila hakuna aliyetaka kuitaja, maana ilikuwa imerundikwa mbele ya ikulu, mifuko mia mbili iliyopandishwa bei na kila daraja bovu ililopitia, ikingoja kujengewa Mnara wa Shukrani kwa Mwari. Nyani alikuwa amekwisha kuandika maneno ya jiwe la msingi. Akasimama, akazungumzia heshima ya dola, akazungumzia urafiki wa mataifa, akafika kwenye neno "wafadhili" sauti ikamkatika kwa uchungu. Mfalme akageuza uso kuelekea kule sauti ilikotoka, akakosea kidogo, akamtazama mtungi. "Nyani," alisema akiukazia mtungi macho, "mimi siuoni huo mnara."

Wakajaza mapipa majuma matatu. Swala walichana makatoni, nungunungu wakatoboa pakiti kwa miiba yao, na kazi hiyo, alisema mshona nyavu, waliifanya bila wimbo. Siku ya kumi mfalme akaanza kuona ukungu, siku ya kumi na tano akaona mapipa. Shimo likachimbwa juu penye mwinuko, likapokea mapipa ishirini na nane, kisha majembe yakagonga mwamba, na mapipa kumi na mawili yakabaki juu ya ardhi yamepangwa mstari, yakingoja shauri.

Shauri lilishuka kutoka angani. Yule mwari mkuu alikuja na wenzake wawili kukagua zawadi, akaona kiwanja kisafi, ghala limefagiwa, mapipa yanang'aa, akafurahi sana. Nyani akampa kurasa tatu. Kisha Kobe akasogea mbele, akainamisha kichwa kama inavyompasa mdogo mbele ya mgeni, akasema: "Baba, mlitupa, nasi tumevitunza mpaka mwisho. Hivi kumi na viwili vimekosa pa kulala. Kwenu kuna tanuru kubwa. Tunaomba mrudi navyo."

Mwari akaushusha mdomo wake mpana, akaligonga pipa moja, likaitika kama mlango wa gereza. Akasema kwa huruma isiyo ya unafiki kwamba angependa sana, lakini Kobe afahamu utaratibu. Vilipokuwa dawa vilivuka mipaka kwa nyimbo. Sasa ni taka za sumu. Na tangu ule mkataba uliotiwa saini Basel mwaka 1989, taka za sumu hazivuki mpaka hadi nchi inayozipokea iandike kwa mkono wake kwamba inazitaka, na kusema kweli hadhani kuna mtu yeyote kwao atakayeandika hivyo.

"Haki kabisa," alisema Kobe. "Na sisi, baba, ni nani aliyeandika?"

Mwari hakukasirika. Alichokora ndani ya mfuko wake kwa muda, akatoa jani la mgomba lililokauka, limekunjika, likabaki zima, akalifungua juu ya pipa, akaweka ukucha chini kabisa, penye maneno manne. Nyani akaanza kutazama ziwa kama mtu aliyesikia mtumbwi unakuja. Kobe alisoma polepole, akasoma tena, akauliza kama anaweza kubaki na lile jani. Mwari akasema bila shaka, kwao wana nakala.

Pipa la kumi na mbili lilikuwa limejazwa asubuhi ileile, na kifuniko chake hakijafungwa. Kobe akaliweka jani juu ya saruji mbichi, akalikandamiza kwa mguu hadi likazama, akaomba aletewe nyundo.